Fomu moja ifike vipi Moiben?

AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ilianza kutumia OpenMRS, mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa, mjini Eldoret Februari 2006. Kabla ya hapo, tangu 2001, Kituo cha Afya cha Mosoriot kiliweka rekodi za wagonjwa kwenye Microsoft Access. Vituo vya AMPATH vilipoongezeka, Access ilizidiwa.

Waliounda OpenMRS waliacha kiini cha mfumo kikiwa chepesi. Kila kipengele cha ziada huja kama moduli, faili moja inayoishia na .omod. Ndani yake mna config.xml, inayotaja toleo la moduli, toleo la kiini inalolihitaji na moduli zinazopaswa kutangulia. Mna pia liquibase.xml, yenye mabadiliko ya majedwali ya hifadhidata. Moduli inapowashwa, kila badiliko lililokwisha kufanyika huwa limeandikwa kwenye jedwali la kumbukumbu, kwa hiyo halirudiwi. Naithamini liquibase.xml kuliko sehemu nyingine yoyote ya kifurushi: bila hiyo, fundi angebeba kichwani ni seva ipi imeongezewa safu gani.

Fomu zilipitia njia ngumu zaidi. FormEntry, moduli ya mwanzo ya kuingizia data, ilitegemea InfoPath, programu ya fomu ya Microsoft. Faili ya fomu, .xsn, ni kifurushi cha Windows, hivyo seva ya Linux ilihitaji cabextract ya kuifungua na lcab ya kuifunga upya. Zaidi ya hayo, kila kompyuta ya karani ilitaka Windows na InfoPath yenyewe. Hebu fikiria zahanati ya Moiben, katikati ya mashamba ya ngano na mahindi: kompyuta ikiharibika na kuletwa nyingine, fundi sharti afunge safari. Fomu zinazofunguka kwenye kivinjari ziliondoa adha hiyo, na mwaka 2014 Microsoft ikatangaza kwamba haitatoa tena toleo jipya la InfoPath.

Omod nayo ina gharama yake. Ukiwasha moduli wakati watu wako kazini, mfumo mzima hujipanga upya na makarani hungoja. Ni salama zaidi kuweka faili kwenye folda ya moduli jioni, kisha kuwasha upya Tomcat, programu inayoendesha OpenMRS kwenye seva. Baadaye AMPATH ilitenganisha kiolesura: ng2-amrs, iliyoandikwa kwa Angular, huzungumza na seva kupitia REST, njia ya kubadilishana data kwenye wavuti. Kitufe hubadilishwa bila kugusa seva, ila sasa matoleo mawili, la kiolesura na la seva, lazima yaoane.

Kama ningeamua mimi, kila kinachogusa hifadhidata kingebaki ndani ya omod, na skrini zingetoka nje. Mhudumu anayetembelea wagonjwa nyumbani ningempa programu ya mUzima kwenye simu ya Android: fomu hujazwa bila mtandao, kisha data hutumwa mtandao unapopatikana.