Mkono wa Mchuaji

Mchuaji anayeijua kazi yake haanzi na nguvu. Humimina mafuta ya nazi kiganjani, huyasugua mpaka yapate joto, halafu huweka kiganja kizima juu ya mgongo na kukituliza hapo kabla ya kukivuta taratibu kutoka kiunoni hadi mabegani. Hurudia mara kadhaa, bila haraka, huku vidole vikitafuta palipokaza. Wengi wanaolala mbele yake huona huo ni utangulizi tu, na kwamba tiba yenyewe ni pale kidole gumba kinapozama kwenye misuli ya bega na mtu akauma meno. Ndiyo maana aliyeguswa kwa upole hutoka akilalamika kwamba hakuchuliwa sawasawa. Nashikilia kwamba ule upole wa mwanzo ni tiba kamili, na kwamba fundi huyu, ambaye tumezoea kumhesabu miongoni mwa watu wa kazi ndogondogo, anashughulika na kiungo ambacho hakuna mkono unaokifikia: ubongo.

Ushahidi unaanzia kwenye ngozi. Miaka ya 1960, huko Uppsala nchini Uswidi, Karl-Erik Hagbarth na Åke Vallbo walibuni njia ya kuingiza sindano nyembamba mno ndani ya neva ya mtu aliye macho na kusikiliza ishara zinazopita humo. Kwa njia hiyo ilikuja kufahamika kwamba ngozi yenye vinyweleo, ya mgongo, mikono na miguu, ina nyuzi za neva za polepole ambazo hupokea hasa mpapaso mwepesi. Nyuzi za kawaida za mguso husafirisha habari makumi ya mita kwa sekunde. Hizi hutambaa, kama mita 1 tu. Huitika vizuri zaidi mkono unapopita kwa kasi ya sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na unapokuwa na uvuguvugu wa mwili wa mtu. Mkono ukienda mbio, zinanyamaza. Watafiti walipowaomba wazazi wawapapase watoto wao wachanga, mikono yao ilikwenda kwa kasi hiyo hiyo bila kuelekezwa. Mwaka 2002 Håkan Olausson na wenzake walieleza habari za mwanamke ambaye maradhi yalimpokonya nyuzi za kasi karibu mwili mzima. Alipopapaswa mkono kwa brashi laini hakuweza kusema brashi inaelekea upande gani, lakini alihisi faraja hafifu. Picha za ubongo wake zilionyesha sehemu inayotambua tumeguswa wapi ikiwa kimya, ilhali insula, iliyojificha ndani na inayofuatilia hali ya mwili, njaa, joto na maumivu, ilikuwa kazini. Mafuta yaliyopashwa joto viganjani na ule mvuto wa taratibu, basi, vina sababu ambayo wachuaji waliifikia kwa mikono muda mrefu kabla ya maabara.

Kuhusu maumivu, mambo yanajulikana zaidi. Mtoto akijigonga goti hulishika na kulisugua, na hakuna aliyemfundisha. Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza mwaka 1965 kwamba katika uti wa mgongo kuna lango: habari za mguso zikifika kwa wingi, habari za maumivu hupita kwa shida, na ubongo wenyewe unaweza kutuma amri ya kulifunga au kulifungua. Wanasayansi wamerekebisha mengi katika nadharia hiyo tangu wakati huo, lakini wazo lake kuu limebaki: maumivu hupimwa na kuamuliwa njiani na kichwani, hayatoki kwenye nyama kama yalivyo. Kwangu uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2011 unaeleza jambo hili kuliko mwingine wowote. Watu 401 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilichuliwa kwa ufundi wa kutafuta misuli na viungo vyenye kasoro, la pili lilichuliwa kwa upole wa kustarehesha mwili mzima, la tatu likaendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya wiki 10, makundi yote mawili yaliyochuliwa yalikuwa na nafuu kuliko la tatu, na baina yao hapakuwa na tofauti ya maana. Kama kazi ya mchuaji ingekuwa kunyoosha nyama tu, mtaalamu wa kutafuta kasoro angeshinda waziwazi. Hakushinda. Nafuu yenyewe ilipungua kadiri mwaka ulivyokwenda, jambo linaloonyesha kwamba mwili huhitaji kuguswa tena na tena, na kwamba asiyefika tena kwa mchuaji asitarajie kubaki na faida daima.

Hapo mwenye shaka atauliza: je, si imani tu? Mtu amelala mahali patulivu, amepewa saa nzima na mwenzake anayemshughulikia. Asipate nafuu kwa nini? Swali hilo ni la haki, na sidai kwamba matumaini hayana sehemu yake. Lakini tuwatazame wasioweza kuamini chochote. Mwaka 1986 Tiffany Field na wenzake huko Miami walichapisha habari za watoto njiti 20 waliopapaswa na kunyooshwa viungo dakika 15 mara tatu kwa siku, kwa siku 10. Waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao wasiopapaswa, na wakaruhusiwa kwenda nyumbani siku 6 mapema. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo, na tafiti zilizofuata hazikuwa na ubora sawa, kwa hiyo siuwekei uzito wote. Nauweka kando ya mwingine mkubwa zaidi, ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 walihusika. Waliowekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza hali zao zitulie, walikufa kwa asilimia 12 katika siku 28 za mwanzo. Waliosubiri, asilimia 15.7. Huko si kuchua, na sababu ni nyingi: joto, maziwa ya mama, maambukizi kupungua. Hata hivyo kitoto cha kilo 1 na nusu hakijui kusadiki, na mwili wake unaitika kwa mwili mwingine.

Kuna upande ambao wanaoisifu kazi hii husahau, nao ni ubongo wa mchuaji mwenyewe. Vidole vinavyotumika kwa umakini miaka mingi hujipatia nafasi kubwa zaidi ubongoni. Jambo hilo limepimwa kwa wapiga fidla na kwa vipofu wasomao maandishi ya nukta. Japani, tangu siku za Sugiyama Waichi, kipofu wa karne ya 17 aliyefungua shule kwa ajili ya wenzake, vipofu wamesomeshwa uchuaji kama taaluma yenye heshima. Mchuaji mahiri husikia misuli ikijikaza kabla mteja hajashtuka, naye hulegeza; husikia pumzi ikirefuka, naye huzidisha uzito kidogo. Mashine za kuchua zinazouzwa madukani hutetemeka kwa kipimo kimoja, kwa aliye na maumivu na kwa asiye nayo.

Kwa kuwa naithamini kazi hii, nasikitika inaposifiwa kwa uongo. Kuchuliwa hakutoi sumu mwilini. Hiyo ni kazi ya ini na figo. Hakuondoi tindikali ya misuli baada ya mazoezi, maana damu huisafisha yenyewe baada ya muda mfupi. Hata lile dai maarufu kwamba homoni ya msongo, kortisoli, hushuka sana, lilipopimwa upya mwaka 2011 kwa kukusanya tafiti nyingi pamoja, athari yenyewe ilionekana kuwa ndogo mno. Mchuaji anayempa mteja usingizi, shingo inayogeuka na kiuno kinachoinama ametoa cha kutosha. Hana haja ya kuongeza visivyokuwepo.

Madhara nayo yapo, tena kwetu yana sura inayojulikana. Mzazi aliye ndani ya arobaini hukandwa tumbo na kiuno kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji yanayotoka mvuke, na bibi mkandaji husifiwa kwa kutohurumia. Kuna wanaoungua. Mguu mmoja wa mzazi ukivimba na kuuma, kuuchua ni hatari kabisa, kwa sababu damu iliyoganda ndani ya mshipa inaweza kung'oka na kwenda kuziba mapafuni. Mkandaji asisukume tumbo la mjamzito ili mtoto ageuke. Pamoja na hayo, kumwondoa bibi huyo nyumbani kwa sababu ya maji yake ya moto ni kumnyang'anya mzazi mtu pekee anayekuja kila siku, anayemgusa, anayemuuliza amelalaje. Maji yapunguzwe moto, mkono ubaki.

Wengine huikataa kazi yenyewe kwa ajili ya nyumba za masaji za mijini, ambamo jina hilo hufunika biashara nyingine. London ilipitia aibu hiyo hiyo. Mwaka 1894, magazeti yakiwa yamejaa habari za nyumba za namna hiyo, wanawake wanne waliosomea uuguzi na ukunga, miongoni mwao Rosalind Paget, hawakuikimbia kazi. Walianzisha chama cha wachuaji waliofunzwa, wakaweka mitihani na masharti ya maadili. Chama hicho ndicho leo chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza, na fiziotherapia inayotolewa katika hospitali za mikoa na kaunti zetu ina mizizi humo.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na baraza la kuisimamia. Mlango huo umetumika zaidi kwa wenye dawa za mitishamba kuliko kwa wenye mikono. Vyuo vya uuguzi na ukunga viwaite wakandaji wazoefu wa Unguja, Tanga na Mombasa darasani, waonyeshe wanavyopima uzito wa kiganja, nao wafundishwe kutambua mguu wa kupelekwa hospitali usiku huo huo.