Ufundi wa Kutafsiri Nyimbo: Kutoka kwa Edward Steere hadi Buha

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasoma sheria hadi shahada ya udaktari, kisha akaacha uwakili na kuwa kasisi wa Kianglikana. Mwaka 1863 alifuatana na William Tozer, askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, kwenda Afrika ya Kati. Misheni iliposhindwa upande wa Zambezi, walihamia Unguja mwaka 1864. Hapo Steere alijifunza Kiswahili kwa njia iliyo bora kuliko zote: aliketi na wenyeji, akawasikiliza wakisimulia, akaandika walivyosema. Mkusanyiko wake, *Swahili Tales*, ulitoka mwaka 1870, na ndani yake imo hadithi ya shujaa Liongo pamoja na mashairi yanayohusishwa naye. Baadaye alitia katika Kiswahili Zaburi, sala, sehemu kubwa ya Agano Jipya na nyimbo za ibada. Alifanywa askofu mwaka 1874, akajenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa hilo.

Katika kazi hizo zote, nyimbo ndizo ngumu kuliko nyingine. Anayetafsiri Injili anaweza kuongeza neno ili maana ieleweke. Anayetafsiri wimbo amefungwa na tuni iliyokwisha tungwa, na kila noti inadai silabi yake. Maneno ya Kiingereza ni mafupi, mengi yakiwa ya silabi moja, ilhali ya Kiswahili ni marefu: mstari wa silabi nane unaobeba maneno saba ya Kiingereza hubeba matatu au manne tu ya Kiswahili. Basi mfasiri hana budi kuchagua. Aliye dhaifu hubana silabi mbili katika noti moja ili asipoteze kitu, na waimbaji hujikwaa hapo kila Jumapili. Aliye fundi huuliza ubeti unasimama juu ya wazo gani, akalishika hilo na kuyaacha mengine bila majuto.

Kuna kikwazo kingine kisichoonekana kwenye karatasi. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini tuni nyingi za Kiingereza huufunga mstari kwa pigo zito. Hapo silabi ya mwisho, ambayo katika usemi ni nyepesi, huimbwa kwa nguvu kuliko zote, na neno hupotoka masikioni. Kuhesabu silabi pekee hakutoshi. Utenzi wa Kiswahili nao una mizani nane kwa mshororo, sawa kabisa na tuni nyingi za kanisani, na hesabu hiyo inaweza kumdanganya mfasiri adhani kazi imekwisha. Zinazokubali Kiswahili kwa urahisi ni tuni ambazo mstari wake huanza kwa pigo zito na kumalizikia kwenye jepesi. Kumtambua mfasiri mwenye sikio ni kuona tuni alizozichagua, na hata zile alizoziacha.

Steere hakufika Buha, nchi ya Waha magharibi mwa Tanzania, yenye wilaya za Kasulu na Kibondo. Uanglikana wa nyanda hizo ulikuja kwa njia nyingine, ile ya Church Missionary Society na Dayosisi ya Central Tanganyika iliyoundwa mwaka 1927. Mwaka 1966 ilizaliwa Dayosisi ya Western Tanganyika, makao yake Kasulu, na askofu wake wa kwanza, Musa Kahurananga, baadaye akawa Askofu Mkuu wa Tanzania. Hata hivyo kazi ya Unguja ilifika huko kwa mlango wa lugha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Biblia ya Union Version ikakamilika mwaka 1952. Muumini wa Kibondo anayefungua kitabu cha nyimbo hukuta Kiswahili ambacho Steere alikifanyia kazi miongo mingi kabla ya hapo.

Lakini muumini huyo nyumbani husema Kiha, na Kiha kina sheria yake. Ni lugha ya toni, jamaa ya karibu ya Kirundi: sauti ikipanda au kushuka, maana inaweza kubadilika. Tuni ya kigeni haijali jambo hilo. Hupanda mahali neno linaposhuka. Kiswahili, kisicho na toni, huvumilia kuvishwa tuni ya ugenini. Kiha hakivumilii kwa urahisi hivyo, na anayekitafsiria ana kazi maradufu. Kambi za wakimbizi za Nyarugusu, wilayani Kasulu, na Nduta, Kibondo, zimeongeza utajiri wa jambo hili, kwa kuwa Warundi wamekuja na nyimbo za Kirundi na Wakongo na nyimbo za Kiswahili cha kwao, kila kundi likiwa limekwisha kutatua matatizo hayohayo kivyake.

Kwaya nyingi za Tanzania leo hutunga nyimbo zao zenyewe. Kwa mtunzi wa Buha mpango wa kazi umegeuka: huanza na maneno, akayasema kwa sauti mpaka mpando na mshuko wake usikike, ndipo huitoa tuni humo, kisha akagawa sauti ya kwanza hadi ya nne.