Fundi wa Kivuli

Kila Desemba mpwa wangu aliyeko London hututumia picha za bustani ya Kew. Ni bustani ya zamani, ilianza mwaka 1759, na tangu 2013 hufunguliwa usiku msimu wa Krismasi ili watu watembee chini ya miti iliyovishwa taa. Picha zikiingia kwenye simu ya mke wangu, watoto huacha kila kitu. Safari hii mdogo wao, mwenye miaka saba, alizitazama kwa muda mrefu kisha akaniuliza, "Baba, bustani yetu sisi iko wapi?"

Nikamwambia iko Bamburi, na tutakwenda siku ya pili ya Krismasi.

"Ina taa?"

"Ina kivuli," nikamjibu. Hakuridhika hata kidogo.

Tarehe 26 tukaondoka Changamwe mapema. Mama alivuka na feri kutoka Likoni, tukakutana naye mjini, sote tukapanda matatu ya Bamburi. Tulivuka daraja la Nyali, tukapita Kengeleni, mahali palipopata jina kutokana na kengele ya Frere Town, kijiji walichowekwa watumwa walioachiwa huru kuanzia 1875. Mama hapiti pale bila kuinyoshea kidole ile kengele, na siku hiyo pia aliinyoshea. Ila mawazo yake yalikuwa mbele. Yeye aliiona Bamburi ilipokuwa timbo tupu, na alitaka wajukuu wake wajue wanakwenda kutazama nini.

Kampuni ya saruji ya Bamburi iliundwa mwaka 1951, na kufika 1954 kiwanda kilikuwa kinatoa saruji. Mali ghafi ilikuwa palepale chini ya miguu: mwamba wa matumbawe ya kale, uliobaki nchi kavu baada ya bahari kurudi nyuma. Ulichimbwa, ukasagwa, ukachomwa, ukawa mifuko. Lipu ya kuta zetu Changamwe ni saruji hiyo, na sidhani kuna mtaa wa Mombasa usio na deni kwa shimo lile.

Kilichobaki ndicho alichotusimulia Mama ndani ya matatu. "Ukipita pale saa saba mchana, mjukuu wangu, huwezi kufungua macho. Weupe mtupu. Kama mtu amekumulika usoni na kioo."

Nimeyafikiria sana maneno yake, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nielewe kazi iliyofanyika Bamburi. London mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Fundi wa kule ana giza jingi, na ufundi wake ni kulitia nuru. Fundi wa Bamburi alikabidhiwa kinyume chake: nuru isiyo na mahali pa kujificha. Jua lilipiga sakafu nyeupe ya mwamba, mwamba ukalirudisha juu, na mche wowote uliopandwa hapo uliungua pande zote mbili. Udongo haukuwepo. Maji yalikuwa karibu chini ya mwamba, lakini yana chumvi. Kazi ya kwanza ya bustani hiyo ilikuwa kutengeneza kivuli.

Fundi mwenyewe aliitwa René Haller, Mswisi aliyesomea kilimo, aliyeajiriwa na kampuni mwaka 1959 kutunza bustani zake. Mwaka 1971 akaanza kulirudishia timbo uhai. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizopona ni tatu: mnazi, mti wa Kisomali uitwao damas, na mvinje.

Hapo mwanangu mdogo alinikatiza. Tulikuwa tumeshaingia langoni, tumesimama chini ya miti mirefu yenye majani kama nywele. Akashika kitawi kilichoning'inia. "Baba! Huu si mti wetu wa Krismasi?"

Ndio wenyewe. Sisi watu wa pwani hatuna misonobari ya baridi, na tangu utotoni kwetu tawi la mvinje ndilo linalosimamishwa sebuleni kwenye mkebe wa mchanga, likavikwa pamba na karatasi za kumetameta. Mvinje hufanana na msonobari lakini hauna udugu nao. Zile sindano zake si majani hata kidogo, ni vijitawi vyembamba. Majani yenyewe ni magamba madogo mno yanayozunguka kila pingili, na ili uyaone inabidi uvute kitawi mpaka kikatike kwenye kiungo. Nilimwonyesha. Alikata pingili moja, ya pili, ya tatu, akahesabu vijino vya magamba kwa ncha ya kidole, nikaona ameanza kusahau habari za taa.

Mti huo ulifaa kwa sababu ya umbo hilohilo. Jani dogo hupoteza maji kidogo. Chumvi ya pwani unaivumilia. Na kwenye mizizi yake kuna vinundu wanamoishi bakteria waitwao Frankia, ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mti. Kwa hiyo mvinje waweza kukaa mahali pasipo na mbolea ukajilisha wenyewe. Mashimo yalitobolewa kwenye mwamba, miche ikatiwa, nayo ikapanda juu upesi. Baada ya miaka michache weupe ule ulikuwa umefunikwa.

Mtu mwingine angeridhika hapo, akapiga picha, akaenda zake. Haller aliinama akatazama chini, na kwangu mimi hapo ndipo alipojionyesha kuwa fundi kwelikweli. Sindano zilikuwa zinadondoka na kurundikana bila kuoza. Zimejaa tanini kali inayozikinga na wadudu na ukungu. Miti ilikuwepo, lakini udongo haukuzaliwa, na msitu usiozaa udongo ni miti iliyosimamishwa tu, kama lile tawi letu la kwenye mkebe.

Jibu lilikuwa jongoo. Yule mweusi anayeng'aa, mwenye miguu myekundu, ambaye wageni wamempa jina la treni ya Mombasa. Haller alimwona mmoja akitafuna sindano za mvinje, zile zilizowashinda wengine wote, na akaamuru wakusanywe wengine kwa mamia, waachiliwe timboni. Jongoo akila sindano, tumbo lake huzivunjavunja, na kinyesi chake ndicho ambacho bakteria wa ardhini wanaweza kukimalizia. Taratibu, punje kwa punje, mwamba ukaanza kuvaa udongo mweusi. Mbegu za miti mingine zikapata pa kushika. Ndege walileta nyingine. Baadaye mabwawa yakachimbwa hadi kwenye maji, wakafugwa perege, wakaja mamba, viboko, pofu na twiga.

Utaratibu huo ndio ninaoustaajabia. Mvinje kabla ya jongoo, jongoo kabla ya udongo, udongo kabla ya mkuyu. Ungeubadilisha, kila kitu kingekufa. Seremala mzuri hujua ubao upi uanze, na mpishi wa pilau hujua kitunguu kikae motoni mpaka kiwe rangi gani kabla ya viungo kuingia. Haller na wafanyakazi wa bustani, maana hakupanda peke yake, walifanya hivyo kwa hatua zinazopimwa kwa miaka. Wageni walianza kukaribishwa 1984, miaka 13 baada ya mche wa kwanza. Mwaka 1987 Haller akaingizwa kwenye orodha ya heshima ya Umoja wa Mataifa ya watetezi wa mazingira, na leo mahali penyewe panaitwa Haller Park.

Watoto, kama watoto wote, walitaka twiga. Tuliwalisha, ulimi ule mrefu wa kijivu ukawafanya wapige kelele. Mke wangu aliwasimulia habari ya Owen, ndama wa kiboko aliyekwama baharini huko Malindi wakati wa tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, akaokolewa kesho yake na kuletwa hapa, akajibanza kwa kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, umri wake ukikadiriwa miaka 130, akamfanya kama mama yake. Ilikuwa tarehe ileile tuliyosimama pale. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yatima hajui kuchagua, hushika alichokipata. Hadithi hiyo ilizunguka dunia nzima, na inastahili. Lakini kobe na ndama wangekaa wapi bila jongoo?

Ilipofika saa kumi na moja tukakaa chini ya mivinje kula mahamri tuliyobeba. Jua lilikuwa limeshuka upande wa bara, na mwanga wake ulikuja kwa mkato katikati ya vijitawi, umechujwa mara elfu, ukaanguka ardhini ukiwa laini wa rangi ya asali. Upepo wa bahari ulipopita, mivinje ikavuma kwa ile sauti yake ya chini na mwanga ukatembea juu ya magoti yetu. Mama alifumbua macho wazi, akatazama juu bila kupepesa. Mdogo alikuwa amelala kifudifudi akimfuata jongoo kwa uso, hatua kwa hatua, akimhesabia miguu.

"Anauma, Nyanya?"

"Haumi. Mwache afanye kazi."

Ukiwapeleka wako, waache washibe twiga na mamba kwanza. Kisha watoe kando ya njia, mahali penye mivinje mizee, uwaambie wainame wapangue sindano kwa vidole mpaka wafike chini. Watapata udongo mweusi, mbichi, wenye harufu ya mvua. Waupime kwenye kiganja. Mwaka 1971 hapakuwa na hata konzi moja.