Jioni ya Nondo, Mbita

Nondo mwenyewe hana makuu. Akitulia, rangi yake ni ile ya jani la mahindi lililokauka. Akikunjua mabawa, upana wake haufiki sentimita nne. Wataalamu humwita Chilo partellus. Kwao ni Asia, lakini miaka ya 1930 alishaonekana Malawi, kisha akaenea mashariki na kusini mwa Afrika, hasa nyanda za joto. Ufuoni mwa Ziwa Victoria, Kisumu hadi Mbita, humkuta nondo mwenyeji wa kahawia, Busseola fusca, nao wakagawana mahindi ya watu.

Jike hutaga usiku, mayai yakilaliana kwenye jani kama magamba ya samaki. Buu hutafuna jani kidogo, halafu hutoboa bua na kuzama ndani. Humo dawa ya kunyunyiza haimpati kirahisi.

Ufundi wa kumshinda ulifanyiwa kazi katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Mbita, miaka ya 1990, kwa ushirikiano na watafiti wa Rothamsted, Uingereza. Unaitwa sukuma-vuta. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake humkera nondo. Shamba lote huzungushiwa nyasi ya napia, inayomwita. Linalonistaajabisha mimi ni saa. Giza likiingia tu, napia huachia harufu yake kwa wingi, takriban mara mia ya ile ya mchana, na ndiyo saa jike anatafuta pa kutaga. Anataga hapo. Mabuu wakianza kutoboa, napia hutoa utomvu unaonata, na wengi hufia humo.

Ila mkono wa mkulima ndio unaoamua. Mbegu za desmodiamu ni ndogo mno. Huchanganywa na mchanga ndipo zimwagwe kwenye mfereji. Msimu wa kwanza mche wake unafanana na magugu, kwa hiyo palizi ni ya kuinama na kuchagua, na kibarua mgeni akipewa jembe ataufyeka wote. Ukishika, hufunika ardhi, na mizizi yake huiotesha mbegu ya gugu la kiduha, ile kayongo ya Waluo, kisha huizuia isijishike kwenye mahindi. Napia nayo hukatiwa ng'ombe kwa zamu, kamwe si yote kwa mkupuo, nondo asije akakosa pa kwenda.

Penye ukame, siku hizi nyasi ya brakiaria hupandwa mahali pa napia. Ng'ombe anaipenda. Nondo pia, kwa bahati nzuri.