Mkanda Umeisha, Ondokeni

Želimir Žilnik, mtengenezaji filamu wa Serbia, alizaliwa mwaka 1942 ndani ya kambi ya mateso ya Wanazi mjini Niš. Mama yake aliuawa na Wanazi hao. Kwa hiyo nilitegemea mtu kama huyu atajua namna ya kuwatazama watu wasio na kwao. Anajua, ila si kila mara.

Katika *Crni film* ya mwaka 1971, anawachukua wanaume sita wanaolala nje mjini Novi Sad, anawaleta usiku kwenye nyumba yake ndogo, mke na mtoto wakiwa humo humo. Halafu anazunguka mjini akiuliza wapita njia: hawa tuwafanyeje? Maneno yapo mengi, chumba hakuna. Mwisho anawaambia waondoke, mkanda unaisha.

Wanaoipenda husema anajisuta mwenyewe: mwenye kamera hupata chake, kisha huaga. Ni kweli, na wanaokuja kutupiga picha kambini wangefaa kuiona. Lakini sasa mimi nauliza, wale sita walilala wapi baada ya hapo? Filamu haisemi. Aibu ilikuwa yake, barabara ikabaki yao.

Miaka minne baadaye, akiwa Munich, Ujerumani, alitengeneza *Inventur*. Wapangaji wa jengo moja, wengi wao wahamiaji waliofuata kazi, wanashuka ngazi mmoja mmoja. Kila mtu anasimama, anataja jina, ametoka wapi, maisha yanaendaje, kisha huyo anashuka zake. Basi. Hakuna anayebembelezwa alie. Jina la filamu ni lile la kuhesabu mali, kama mwenye duka anavyohesabu vitu vyake. Jamani, kuhesabiwa tunakujua: foleni, kadi, kidole kwenye mashine. Ila pale anayehesabiwa ndiye anayeongea, na akimaliza anaondoka kwa miguu yake, hajafukuzwa na mtu.

Kwangu mimi hiyo ya pili ndiyo kazi yake kubwa, ingawa haina hasira ya ile ya kwanza.

Zote mbili ni fupi, zinaenea katika jioni moja ya sinema. Naomba zionyeshwe hapa kambini, tuanze na ya Novi Sad. Na ninyi mnaokuja na kamera, taa zikiwashwa msiondoke. Bakini tuongee.