Masharti manne, visanamu 40,000

Mwaka 1993, katika mji wa St Helens kaskazini-magharibi mwa Uingereza, watu wapatao 100, watoto kwa wazee, walifinyanga visanamu vya udongo takriban 40,000. Mji wenyewe ulijulikana kwa vioo na makaa ya mawe, na mgodi wake wa Sutton Manor ulikuwa umefungwa miaka miwili tu kabla. Ufinyanzi haukuwa kazi ya watu wale. Hata hivyo walichokitengeneza, Field for the British Isles ya mchongaji Antony Gormley, kimekuwa miongoni mwa kazi za udongo zinazotajwa sana, na mwaka uliofuata Gormley akapata Tuzo ya Turner.

Wengi huisifu kazi hii kwa wingi wa visanamu, vilivyojaa chumba kizima hadi mtazamaji hana pa kukanyaga, akabaki mlangoni akitazamwa na vyote kwa pamoja. Kwa mwalimu wa sanaa, hazina kubwa zaidi imo katika maelekezo waliyopewa watu wale. Kisanamu kitoshe mkononi. Kisimame chenyewe. Kichwa kilingane na kiwiliwili. Kiwe na macho mawili, matundu ya kina yaliyo karibukaribu, yanayotobolewa kwa penseli. Mengine yote ni hiari ya mfinyanzi.

Kila sharti hapo lina kazi ya kiufundi. Bonge linalotosha kiganjani hufinyangwa kwa dakika chache bila chombo chochote, na unene wake una mpaka, kwa hiyo hukauka vizuri. Sharti la kusimama ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Udongo ukizidi maji, kisanamu kinalegea na kuinama. Kitako kikiwa chembamba, kinaanguka. Mwanafunzi huona kosa lake papo hapo, akalirekebisha kwa kunenepesha chini au kuuacha udongo ukaze kidogo, na mwalimu hajafungua mdomo. Uzito, unyevu na mizani vimefundishwa na sakafu.

Halafu macho. Anayeanza huogopa pua, mdomo na vidole, kwa sababu hapo ndipo anapojiona hajui. Gormley aliviondoa vyote. Matundu mawili hutengeneza kivuli, na kivuli kinatosha kuufanya udongo uwe mtu, hata ukitazamwa kutoka mbali. Mtoto wa miaka saba anaweza kutoboa macho sawasawa na bibi yake, tena hakuna atakayesema cha mmoja ni bora.

Gawanya visanamu kwa watu, upate wastani wa 400 kwa kila mtu. Kufinyanga kitu kimoja mara nyingi kiasi hicho ni shule kamili. Mkono hupata mwendo wake, ukaacha kuiga wa jirani, ndiyo maana hakuna viwili vinavyofanana ingawa masharti yalikuwa ya wote.

Udongo nao ulichaguliwa kwa akili. Ulikuwa wa kutengenezea matofali, na visanamu vilichomwa katika tanuri za matofali. Kitu kigumu kisicho na uwazi ndani ni hatari motoni: maji yaliyobaki hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia, kitu hupasuka. Udongo wa matofali una chembe kubwa zinazoacha mianya ya kupitisha mvuke. Wafinyanzi wengi wa Afrika Mashariki huchanganya mchanga au vigae vilivyosagwa kwa sababu hiyohiyo. La lazima ni kuvikausha visanamu polepole kabla ya kuvichoma, na kuupandisha moto bila pupa.

Ninachokilaumu ni jinsi mradi ulivyogawa sifa. Jina linalojulikana duniani ni moja, na wale 100 waliofinyanga hubaki kundi la watu wa mji fulani. Visanamu vyenyewe viliingia katika hazina ya taifa ya sanaa, havikurudi kwa waliovifinyanga.

Hapo mradi wa bakuli tupu ulioanzia Michigan, Marekani, mwaka 1990, unaushinda. Mwalimu wa sanaa John Hartom na mwenzake Lisa Blackburn waliwashirikisha wanafunzi kufinyanga bakuli. Wageni walikula humo supu na mkate, wakachangia fedha za kuwalisha wenye njaa, kisha kila mmoja akaondoka na bakuli lake. Bakuli ni somo gumu kuliko kisanamu: ukuta uwe na unene sawa, mdomo usikwaruze, rangi ya kung'arisha isiwe na sumu, na supu isivuje. Mwanafunzi akijua mtu atalitia bakuli lake mdomoni, hahitaji kuhimizwa kuwa makini.

Kwa hiyo kwa shule iliyo karibu na bonde lenye udongo mzuri, ningeanza na visanamu vya St Helens ili kuondoa woga, kisha ningehamia bakuli za Michigan ili kujenga ufundi. Mwalimu, andika masharti yasiyozidi manne, yajaribu mwenyewe kwanza, umwalike mfinyanzi wa kijijini asimamie uchomaji na umlipe, na siku ya maonyesho bandika jina la kila mtoto kando ya kazi yake.