Kufuli la Fundi

Alasiri moja, katika chumba cha ghorofani mtaani Kibokoni, Mombasa, niliketi kando ya kijana mmoja, mwana wa rafiki yangu, ambaye riziki yake ni kuunda programu za simu, nami nikamtazama akianzisha programu mpya kwa utulivu ule ule wa mafundi wa kalafati, ambao hawakubali jahazi lishushwe majini kabla hawajagonga kila ubao na kuusikiliza.

Hakuanza kwa kuandika msimbo, bali kwa kumwita tabibu. Flutter, zana ya Google aliyoitumia kuundia programu, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Disemba 2018, ina amri iitwayo "flutter doctor", ipimayo kompyuta na kutoa cheti mstari kwa mstari, alama ya kijani palipo na siha na nyekundu palipo na maradhi. Siku hiyo tabibu alilalamika kwamba leseni za Android hazijakubaliwa. Na kijana yule, badala ya kubonyeza "y" mfululizo kama apukuchuaye mahindi, alizisoma moja baada ya moja mpaka chai yake ikapoa. Wangapi leo wana subira hiyo? Mimi mwenyewe nilidhani amesinzia.

Kisha akaliumba jengo lake: msimbo mmoja, simu za namna mbili, ingawa folda ya iPhone aliiacha ingoje, maana bila kompyuta ya Mac kuijenga ni muhali. Akaiunganisha simu yake kwa waya, akanipa niandike jina langu, na nilipokuwa nimefika nusu akabadili rangi ya kitufe kwenye kompyuta na kubonyeza "r". Kufumba na kufumbua kitufe kikageuka kijani, ilhali nusu ya jina langu ikabaki pale pale, haikupotea hata herufi.

Jioni, kabla ya kufunga, alihakikisha faili la pubspec.lock limehifadhiwa pamoja na msimbo, akaandika pembeni toleo la Flutter alilotumia. Faili hilo ndilo kufuli: hutaja toleo halisi la kila kifurushi kilichoazimwa, ili ajaye kesho akute vile vile.

Laiti aliyetuundia programu ya chama chetu cha kuzikana angalijua taadhima hiyo! Alifanya haraka, akalipwa, akaenda zake, ghairi ya kufuli wala karatasi; na Dart, lugha ya Flutter ambayo naye aliitumia, ilipofika toleo la 3 mwaka 2023, ikaukataa msimbo wa kale usiojilinda dhidi ya thamani tupu, hata fundi mwingine tuliyemleta akahangaika siku nyingi, asijue vifurushi vile vilikuwa vya toleo gani, mwisho akarudisha malipo yetu ya awali. Programu ingalipo kwenye simu kuukuu ya mweka hazina, hapo tu, na kila usiku mzee huyo huichomeka kwenye chaji, akaifunika kwa leso isiingie vumbi.